Nukta ya Kapedo

Akai mwanangu,

Ejoka. Kesho jua likichomoza utakuwa tayari kwenye barabara ya Kitale, na kutoka huko Eldoret, chuoni. Sasa ni saa kumi jioni. Umekwenda mjini kuagana na rafiki zako, baba yako anakagua gurudumu la akiba, na mimi nimeketi kibarazani hapa kwetu Nawoitorong na lile daftari langu la kazi ya wadudu. Nimechomoa kurasa za katikati. Ndizo hizi.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala dawa ya malaria, wala baridi ya Eldoret. Shangazi yako amekujaza hayo tangu Jumapili, na begi lako amelipanga mara tatu. Sitakukumbusha kusali pia. Unajua kusali kuliko mimi. Nataka kukusimulia jambo ambalo nusu ya Lodwar inadhani inalijua. Wewe mwenyewe umelisikia vipande vipande kutoka kwa watu waliokuwa wakicheka. Kutoka kwangu hujalisikia hata siku moja, na hilo ni kosa langu. Nimeanza nalo kwa sababu ndilo jepesi.

Unaikumbuka ramani iliyokuwa ukutani juu ya meza yangu? Ilikuwa na nukta mbili nyekundu, moja Kakuma, nyingine mbali kusini, Kapedo. Katikati ya nukta hizo palipakwa rangi ya waridi. Ulikuwa na miaka minne au mitano ulipopanda kiti, ukaweka kidole juu ya nukta ya Kapedo, ukauliza, "Mama, hii ni nini?" Nikakujibu, "Hapo ni mahali mama alifika." Uliwaambia watoto wote wa jirani. Mama yangu amefika huko, ramani imeandika. Kisha mwaka mmoja ukarudi likizo ukakuta ukuta mtupu, na nikakwambia ramani imeliwa na mchwa.

Haikuliwa na mchwa. Niliitoa mwenyewe. Na siku ile uliyoweka kidole, mimi Kapedo nilikuwa sijawahi kukanyaga.

Nilizaliwa Kalemng'orok, kando ya barabara hiyohiyo utakayopita kesho. Ukame mmoja ulimaliza mbuzi wa babu yako, na kwa kuwa hapakuwa na mbuzi wa kuchunga, nikaachwa nisome. Hivyo ndivyo nilivyosoma. Hakuna aliyesema nina akili. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani mwaka mzima nikichota maji. Ndipo akaja Lodwar mtafiti mmoja kutoka Nairobi, mwanamke, tukimwita Profesa. Kazi yake ilikuwa mbawakawa, wale wadudu wenye ganda gumu mgongoni ambao sisi wote huku tunawaita mende au dudu tu. Alitaka kujua Turkana ina aina gani za mbawakawa, na kila aina inaishi wapi. Kwenye vitabu, alituambia, huku kwetu kumeachwa karatasi nyeupe. Waliomtangulia waliokota wadudu kando ya lami, wakarudi makwao wakaandika kwamba kwingine hakuna kitu.

Tulikuja watu saba kutafuta kazi ya kumsaidia, mwanamke nikiwa peke yangu. Karani wa mradi alinitazama, akamwambia mwenzake, "Na huyu msichana wa mbuzi ataandika nini?" Alisema kwa Kiswahili ili nisikie. Profesa alitupeleka nje kwenye mgunga mkavu, ule mti sisi tunauita ewoi, akauliza, "Nani ataniambia ndani ya mti huu kuna nini?" Wanaume wakaangalia juu kwenye matawi. Mimi nikavunja tawi moja, nikamwonyesha unga mwembamba uliokuwa ukimwagika kutoka kwenye tundu, nikasema, "Kuna mtu anakula humu ndani, na bado hajaondoka."

Akaniajiri siku hiyo. Lakini neno la karani nililimeza, na halikusagika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya magoti. Unatandika shuka jeupe chini ya mti, unapiga tawi kwa fimbo, unapiga magoti uone kilichoanguka. Ama unachukua kuni kavu, unazifungia ndani ya kizimba cha wavu, unangoja wiki baada ya wiki mpaka aliyemo ndani atoboe njia atoke. Kila mdudu anachomwa pini, na chini yake inawekwa lebo ndogo kama ukucha: mahali, siku, mti, jina la aliyemkamata. Profesa alikuwa mpole kwa mambo mengi, ila si kwa lebo. "Mdudu asiye na mahali ni takataka," alikuwa akisema. "Mwenye mahali pa uongo ni sumu." Nilidhani ni maneno ya watu waliosoma sana.

Aliyempata mbawakawa wetu ni Adut. Wewe unamjua Adut kama mama anayekuletea simsim kila akija kutoka Kakuma, lakini wakati huo alikuwa mtu wa kugombana nami. Alikuwa amekimbia vita Sudan Kusini na kufungua hoteli ndogo kambini, ya chai na maharagwe, na kuni alinunua kwa wanawake wetu wa Turkana, walioziokota mlimani na kando ya laga, ule mto mkavu wa mchanga. Siku moja alinisimamisha njiani, hata salamu hakunipa.

"Kuni ya watu yako iko na dudu," akasema. "Naanguka kwa chungu. Watu nasema Adut napika mende."

Akafungua kiganja. Alikuwa mbawakawa mdogo kama punje ya kunde, kijani cha kung'aa, na mgongoni ana madoa mawili ya manjano, kama mtu aliyemshika akiwa na rangi vidoleni.

"Ametoka kwa kuni za nani?" nikamuuliza.

"Ya ile mama ya laga, upande ya juu. Kuni ya mlima hapana. Mimi nimeangalia."

Nimeangalia. Mwanamke asiye na kioo cha kukuza wala kalamu alikuwa amefanya peke yake ile kazi tuliyotumwa kufanya. Nilimpelekea Profesa yule mdudu. Alimgeuza chini ya kioo chake asubuhi nzima, akafungua masanduku yake yote, akayafunga, akaketi mchangani. "Huyu hana jina, Akiru," akasema. "Hakuna aliyewahi kumwandika." Na kabla sijafurahi vya kutosha akaongeza, "Sasa niambie, yuko wapi kwingine?"

Ndivyo nilivyotumwa Kapedo. Kuna migunga mingi upande ule, na ni mbali sana na Kakuma. Profesa alitaka kujua kama mdudu huyu ni wa Turkana nzima au ni wa laga moja. Dereva wa mradi alikuwa baba yako. Tulikuwa tumeoana mwaka huo, na wewe ulikuwa tumboni miezi mitano. Nilifunga shuka langu kwa namna ya kukuficha, maana niliogopa wakijua wataweka mtu mwingine mahali pangu.

Tulipofika Lokori tulikutana na watu wanarudi. Mbele kumechafuka, walisema, mifugo imeibwa, risasi zinalia. Baba yako alizima gari.

"Hapa ndio mwisho," akasema. "Siwezi peleka bibi yangu na mtoto kwa risasi sababu ya mende."

"Nitamwambia nini Profesa?"

"Mwambie barabara ilifungwa. Si ni ukweli?"

Alisema kweli, Akai. Kurudi halikuwa kosa. Natamani mtu angenikalisha chini siku ile aniambie hivyo: umeshindwa kufika, umeshindwa tu, watu hushindwa. Profesa angeandika "haijulikani" kando ya jina la Kapedo, na mimi ningelala usingizi wangu.

Badala yake tulikaa siku nne kwa nyanya yako Kalemng'orok, na siku zote nne nilikuwa na hasira. Ndani ya gari nilikuwa na kizimba chenye kuni za laga ya Kakuma, nilizobeba ili mdudu akitoka nisikose kumwona. Siku ya tatu walitoka. Sita, wazima, wanang'aa. Niliwatazama wakiparamia wavu, na lile neno la karani likapanda nao mpaka kooni. Msichana wa mbuzi amerudi na sanduku tupu. Nikawachoma pini. Nikashika kalamu, nikaandika lebo sita kwa ule mwandiko wangu ambao Profesa aliusifu. Kapedo, siku, mgunga, Akiru.

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni.

"Lakini hao ni wa Kakuma," akasema.

"Nani atajua?"

Alitoka akaenda kuosha gari lililokuwa safi. Watu wa Lodwar wakisimulia habari hii husema yeye ndiye aliyenishawishi, kwa sababu wanaona ni vigumu mwanamke kufanya ubaya wake mwenyewe bila msaada. Usikubali. Ubaya ule ni wangu mzima.

Profesa alinikumbatia. Alichora ramani ile unayoijua, nukta juu na nukta chini, kisha akapaka ile rangi ya waridi katikati. Kama yuko huku na yuko kule, alinieleza, basi yuko pote katikati. Sisi ndio hatujamwona. Utafiti ukachapishwa na jina langu likaandikwa ndani. Yule karani akanipa mkono. Profesa akaniombea nafasi ya chuo, nikaenda nikiwa nimekubeba mgongoni, nikarudi na cheti, nikaajiriwa katika ofisi moja hapa Lodwar inayoshughulika na miti na wanyama. Watu wakaanza kuniita daktari wa mende. Nilijifanya nachukia jina hilo, kumbe nalipenda.

Mara mbili nilitaka kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa mgonjwa. Mara ya pili alikuwa ndiyo kwanza amenipatia ile nafasi ya chuo. Ukitafuta siku nzuri ya kusema jambo baya, hutaipata. Nimeitafuta miaka mingi.

Nilichofanya ni kumtafuta yule mbawakawa kwa siri. Kila nilipotumwa kazi nyingine, Lokichar, Kerio, kando ya mto Turkwel, nilitandika shuka langu chini ya migunga nikapiga matawi. Nilikuwa naomba Mungu nikute uongo wangu umekuwa kweli. Nilipata mbawakawa wa aina nyingi mno, wengine wasio na majina vilevile. Yeye sikumpata. Alikuwa Kakuma tu, kwenye ile migunga ya juu ya laga, kama Adut alivyosema tangu siku ya kwanza. Na mimi nikajua hivyo, nikanyamaza.

Ulikuwa kidato cha pili ripoti ilipoletwa ofisini kwetu. Kampuni moja ilitaka kung'oa migunga yote kandokando ya laga ile, wapate uwanja wa maghala. Nilifungua kurasa, na ukurasa mmoja ulikuwa na ramani yangu. Chini yake waliandika kwamba mdudu wa kipekee anayeishi kwenye miti hiyo anapatikana kuanzia Kakuma hadi Kapedo, kwa hivyo kukata miti hapo hakutamdhuru. Walikuwa hawajadanganya. Walikuwa wamenisoma mimi.

Nilikaa na ripoti ile wiki tatu. Nisikufiche: wiki tatu nilijiambia kwamba ni mende tu. Watu wana njaa, watu wanahitaji kazi, nani atalilia mende. Kisha Adut akaja Lodwar kwa shughuli zake, akapita hapa, akaniuliza kwenye kibaraza hiki hiki, "Mama Akai, wanasema ile dudu iko mpaka Kapedo. Wewe uliiona huko?"

Nilimwambia hapana. Yeye ndiye mtu wa kwanza kusikia. Akasema, "Basi mimi niliona vizuri, na wewe uliandika vibaya," akaomba maji ya kunywa.

Siku hiyohiyo nikampigia simu Profesa. Alikuwa amestaafu. Nilisema yote bila kupumzika.

"Ungeniambia wakati ule," akasema, "ningekukasirikia wiki moja. Sasa sijui nitamaliza lini."

"Najua, Profesa."

"Jina langu ndilo liko juu ya ukurasa ule."

"Najua."

"Nenda ukaseme mbele ya watu. Mimi nitaandika kwa upande wangu."

Hajanipigia simu tangu siku hiyo. Aliandika kama alivyosema, akaufuta utafiti wake mwenyewe, na naambiwa wenzake walimsema sana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kazi yangu. Alinitoa kwenye kuchota maji akanipa dunia, nami nikamtia doa. Sina dawa yake. Nakuambia ili usidhani kwamba ukikiri unaoshwa ukatakata.

Baraza lilifanyika Kakuma katika ukumbi wa shule. Chifu alikuwepo, wazee, akina mama wengi, na watu wa kambini walioruhusiwa kukaa nyuma. Afisa wa kampuni alitundika ramani yangu ukutani, kubwa kama mlango. Mama mmoja wa Turkana aliyekuwa akiuza kuni akauliza mbuzi watakula wapi matunda ya ewoi wakati wa kiangazi. Afisa akamjibu kwamba wataalamu wameshaangalia kila kitu, hata wadudu. Akagonga nukta ya Kapedo kwa kalamu. "Hata huyu mdudu ana nyumba nyingine huku."

Nikasimama. Nilijishikilia kiti cha mbele yangu, na sitaki mtu yeyote akuambie kwamba mama yako alisimama kama simba.

"Mimi ndiye Akiru aliyeandikwa hapo," nikasema. "Kapedo sikufika. Wadudu wale niliwatoa hapa hapa Kakuma. Niliandika uongo."

Mtu mmoja akacheka. "Mende," akasema. "Tumeitwa kuongea mende."

Afisa hakucheka. Alikuwa mtu mwerevu. "Mama," akasema, "sasa tujue ulidanganya wakati ule, ama unadanganya leo?"

"Wakati ule nilidanganya ili nisipoteze kazi," nikamwambia. "Leo nasema na kazi nitapoteza. Wewe pima mwenyewe ni siku gani mtu husema kweli."

Hapo Adut akasimama kule nyuma. "Miaka yote mimi nanunua kuni," akasema. "Hii dudu iko kwa kuni ya laga. Ya kwingine hapana. Hiyo pia andika."

"Wewe ni mkimbizi," afisa akasema. "Haya si mambo yako."

Yule mama wa kuni akageuka kwenye kiti chake. Yeye na Adut walikuwa wakizozana kwa kuni kila wiki, Kakuma yote ilijua. "Huyu anapika na kuni yangu," akamwambia afisa, "na watoto yangu wanakula kwa sababu anapika. Wacha amalize."

Chifu akaamuru yaandikwe yote, na ripoti irudishwe ikafanywe upya.

Sitakuambia tulishinda. Kabla ya baraza, trekta lilikuwa limeshang'oa migunga ya upande wa chini, na visiki vyake bado viko. Ile ya upande wa juu imesimama mpaka leo, kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu tena kutia sahihi. Mbawakawa yuko humo. Mwezi uliopita nilimwona. Barua ya ofisini ilikuja baada ya wiki chache, mistari miwili, kwamba mkataba wangu hautaendelea. Mjini watu walinipigia miluzi. Kanisani mwanamke mmoja alihama benchi.

Na wewe ulirudi likizo, ukaingia jikoni bila kuvua sare, ukauliza, "Mama, ni kweli ulifukuzwa juu ya mende? Wasichana wananicheka." Nikakufokea. Nikakwambia nenda ukachote maji, mambo ya watu wazima hayakuhusu. Ulichukua mtungi ukaenda, na hukuniuliza tena. Niliweza kusema kweli mbele ya ukumbi mzima wa watu, nikashindwa kuisema kwa mtoto mmoja jikoni. Nilitaka uendelee kudhani nilifika pale ulipoweka kidole. Nisamehe kwa hilo. Kwa ukumbi wa Kakuma siombi msamaha kwa mtu.

Mwaka uliofuata, barabara ilipotulia, nilimwambia baba yako, "Nipeleke Kapedo." Alidhani nimechanganyikiwa. Hapakuwa na mradi, hapakuwa na mtu aliyetutuma. Lakini aliwasha gari. Tulifikia kwa mama mmoja karibu na chemchemi za maji moto za huko, na nilipomwambia jina langu alinitazama vizuri.

"Ni wewe yule wanasema alikuja hapa zamani kutafuta dudu?"

"Mimi ni yule aliyesema alikuja," nikamjibu.

Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akanichinjia kuku. Nilikaa siku tisa. Kila siku nilipiga matawi ya migunga kutoka asubuhi mpaka jua likawa kali, na baba yako, aliyesema hataki kuona mende tena maishani, akanishikia shuka. Tuliwapata mbawakawa weusi, wa kahawia, wenye pembe ndefu kama ng'ombe wetu. Yule wa kijani hakuwepo. Nikaandika lebo za wale tuliowapata, na kwenye daftari nikaandika kwamba nimemtafuta yule wa kijani Kapedo siku tisa na sikumwona. Sijawahi kuandika sentensi iliyonipa raha kama hiyo. Niliinakili, nikamtumia Profesa kwa posta. Hakujibu. Ni haki yake.

Sasa wewe unakwenda kusomea upimaji wa ardhi. Utashika kalamu inayochora mipaka, mahali mtu mmoja anaishia na mwingine anaanzia, na mimi najua ni nini kinaweza kutoka kwenye nukta moja. Siwezi kukuambia usiseme uongo maishani. Nitakuwa nimekuongezea uongo mwingine. Utafika mahali barabara imefungwa. Utakuwa umechoka, na kuna mtu aliyekuita msichana wa mbuzi, na sanduku litakuwa tupu. Rudi nalo tupu. Na kama hukuweza, kama umeshaandika, basi usingoje miaka kama mimi.

Jumatatu iliyopita, ulipokuwa umekwenda kuchukua karatasi zako za chuo, alikuja hapa afisa mmoja na fomu. Yeye ni wa mradi mwingine kabisa. Wanataka nchi ya mchanga kaskazini ya Kakuma, na fomu inahitaji sahihi ya mtu anayejua wadudu, na wenye cheti cha kazi hiyo huku ni wachache. Ilikuwa imeshajazwa. Iliandikwa kwamba ardhi ni tupu.

"Ni kusaini tu, mama," akaniambia kwa adabu nzuri. "Kila mtu anajua kule hakuna kitu."

"Mmekwenda?"

"Tumepita na gari."

"Nipeni wiki mbili niende nikapige magoti huko, nitawaambia kilichopo."

"Hatuna wiki mbili."

"Basi na mimi sina sahihi."

Alinikumbusha taratibu kwamba watu wanaijua historia yangu, na kwamba mtu aliyewahi kughushi lebo hapaswi kuwa na maringo. Nikamwambia ni kweli, mimi ndiye mtu wa Lodwar anayejua vizuri kuliko wote lebo ya uongo inafananaje, na hiyo aliyoshika ni moja. Akakunja fomu yake. Huenda amepata mwingine wa kusaini. Mimi na Adut tunakwenda huko Alhamisi na shuka letu, tumepata lori la kutubeba.

Wanasema huku kwetu hakuna kitu, Akai. Huko unakokwenda utalisikia neno hilo, na litasemwa na watu wema, kwa huruma, wakikuuliza mnaishije. Hulazimiki kugombana nao. Ila usikubali kuliandika, hata kama aliyekuagiza ni mkubwa, na hata kama wenzako wote darasani wameshaandika.

Na kama siku moja utafukuzwa huko kwa sababu umekataa kuweka nukta mahali ambapo hukufika, usije kwa kujificha. Njoo mchana. Shukia stendi, katikati ya Lodwar, ubebe mzigo wako kichwani, upite sokoni pole pole watu wote wakuone. Wakikuuliza kwa nini umerudi, waambie. Mimi nitakuwa nimesimama njiani nakungoja, na mbuzi atakuwa ameshachinjwa.

Mama yako,
Akiru